Mrejesho: gharama za kuhamisha umiliki wa gari

Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza kama shilingi 400,000 alizodai dalali kuhamisha umiliki wa gari nililonunua kwa milioni 12 zilikuwa halali. Nilifuata ushauri wa kwenda TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) mwenyewe, nikiwa na kadi halisi ya gari, mkataba uliogongwa muhuri wa wakili na namba za mlipakodi (TIN) za pande zote mbili, nikalipa ushuru wa stempu wa asilimia 1, yaani 120,000, ada ya uhamisho 50,000 na kadi mpya 10,000. Kibao cha namba ya gari hakikubadilishwa, kama mlivyosema. Nilikwama wiki nzima kwa sababu jina la muuzaji kwenye kadi lilipungukiwa herufi moja, na ile 60,000 niliyomtangulizia dalali haijarudi.