Shahada ya uuguzi: kukaa chuoni muda wote, kusoma kwa masafa, au kozi ya wagonjwa mahututi?

Sindano_Taratibu
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa haraka, maana dirisha la kuthibitisha nafasi linafungwa mwisho wa mwezi. Mimi ni muuguzi wa stashahada, niko wodi ya upasuaji. Nimepata nafasi mbili za shahada. Moja ni ya kukaa chuoni muda wote. Nyingine ni ya masafa, vipindi vya jioni mtandaoni, kazi naendelea nayo. Halafu hapa kazini wametangaza kozi ya mwaka mmoja ya uuguzi wa wagonjwa mahututi, na hiyo inalipiwa. Ipi ina faida zaidi kwa mbele? Waliopitia naomba waseme.

MamaWodi
Hongera kwa kupata nafasi, ila umetupa nusu ya habari. Umefanya kazi muda gani? Lengo lako ni nini: kuwa mkuu wa wodi, kufundisha, au kwenda nje? Chuo cha masafa kina ithibati ya baraza la wauguzi, au kina ithibati ya vyuo vikuu tu? Hivyo ni vitu viwili tofauti, na wengi wanagundua siku ya kupeleka vyeti kusajiliwa. Ukienda chuoni muda wote, ruhusa ya masomo ni ya mshahara au bila mshahara? Na hiyo "inalipiwa" ina mkataba nyuma yake? Jibu haya kwanza.

Kitengo_Mahututi
Chukua kozi ya mahututi. Shahada itakungoja, nafasi ya kulipiwa haitakungoja. Huko utajifunza kusoma majibu ya gesi za damu, kulinda mrija wa mashine ya kupumulia mgonjwa akigeuzwa, kupandisha dawa ya presha kwenye pampu kidogo kidogo huku jicho liko kwenye skrini. Ujuzi huo unatafutwa kila mahali. Wakati wa Uviko-19 kila nchi ililiona hili: mashine zinaweza kununuliwa ndani ya wiki chache, lakini mtu wa kuzisimamia haandaliwi ndani ya wiki chache. Nimefundisha wenye shahada waliokuja kitengoni bila kujua kengele ipi ikilia unakimbia na ipi unazima tu.

Mwl_Kliniki
Mimi nafundisha uuguzi, kwa hiyo mtaona naegemea wapi. Kaa chuoni muda wote kama uwezo upo. Lakini kabla hujalipa chochote, kiulize chuo hivi: mwalimu mmoja wa kliniki anasimamia wanafunzi wangapi wodini, na anakuwepo pale zamu ngapi kwa wiki? Wakikujibu kwa maneno ya jumla, jibu umepata.

Walimu wa uuguzi ni wachache duniani kote. Muuguzi mwenye shahada ya uzamili mara nyingi analipwa vizuri zaidi akibaki hospitali kuliko akishika chaki, na waliopo wengi wanakaribia kustaafu. Marekani vyuo vinakataa maelfu kwa maelfu ya maombi kila mwaka, maombi ya watu wenye sifa kamili, na sababu wanazotaja ni upungufu wa walimu na wa nafasi za mazoezi hospitalini. Sasa chuo kikikuambia kinapokea kila anayeomba, jiulize walimu wamewatoa wapi.

Usiku_Mrefu
Naomba niseme kuhusu masafa kwa kirefu, kwa sababu nilisoma hivyo na bado naumia.

Nadharia ilikuwa nzuri, sitawaonea. Walimu walijua kazi, vipindi vilirekodiwa, ukitoka zamu ya usiku unalala kisha unasikiliza mchana. Shida ilianza mafunzo kwa vitendo. Wakati wa kujiunga tulielezwa kwamba chuo kina makubaliano na hospitali. Muda ulipofika tukatumiwa barua moja ya utambulisho, kila mtu akajitafutie. Hospitali nilizoenda zilikuwa na wanafunzi wao tayari. Mwisho nilipokelewa kwa hisani ya matroni niliyewahi kufanya naye kazi.

Wodi yenyewe ilikuwa na wanafunzi wa vyuo kadhaa kwa pamoja. Kuna mama mmoja alikuwa na kidonda cha kisukari mguuni. Sista anafungua bandeji, tumeuzunguka mguu mmoja sisi sote, wa nyuma wanachungulia juu ya mabega ya wa mbele. Yule mama alivuta shuka akajifunika uso. Hakuna aliyegusa koleo isipokuwa sista mwenyewe, na hakuna aliyefundishwa kitu, kwa sababu sista alikuwa na wodi nzima peke yake na simu ya maabara inaita. Zamu ikiisha tunapanga foleni na vitabu vyetu vya mazoezi, anasaini bila kusoma. Simlaumu hata kidogo. Kutusimamia hakukuwa kazi aliyoajiriwa kuifanya, na hakulipwa chochote kwa hilo.

Nikamaliza, nikapata cheti. Nilipoomba usajili nchi nyingine, mamlaka ya kule ikataka mchanganuo wa saa: watoto ngapi, afya ya akili ngapi, jamii ngapi, upasuaji ngapi. Chuo kikatuma barua yenye jumla tu. Nikaandika tena, nikapiga simu, nikaambiwa mratibu ameondoka na kumbukumbu hazionekani. Ombi likakataliwa. Shahada ninayo na kazini nimepandishwa, lakini mlango ule ulifungwa kwa sababu ya karatasi ambayo chuo kilipaswa kuwa nayo kabatini. Kwa hiyo dada au kaka, dai nakala ya mchanganuo kila muhula. Usisubiri mwisho.

Mwl_Kliniki
Pole sana. Na hilo la mchanganuo si ukaidi wa mamlaka. Umoja wa Ulaya kwa mfano unataka mafunzo ya muuguzi wa kawaida yasipungue saa 4,600, angalau theluthi moja nadharia na angalau nusu nzima iwe kazi ya kliniki. Bila mchanganuo hawana namna ya kujua.

Sindano_Taratibu
Asanteni. Majibu: nina miaka kadhaa kazini, yote wodi ya upasuaji. Nje sijaamua, ila sitaki kujifungia mlango. Ruhusa ya masomo ni bila mshahara. Kozi ya mahututi ina mkataba, ukimaliza unatumikia kitengo kwanza kabla ya kuhama. Ithibati ya chuo cha masafa nimeuliza, wanasema "iko kwenye mchakato".

MamaWodi
"Iko kwenye mchakato" maana yake haipo. Usilipe.

Takwimu_Tu
Naona watu wanabeza shahada, basi tuweke ushahidi mezani. Linda Aiken, mtafiti wa uuguzi wa Marekani, na wenzake walichapisha mwaka 2003 utafiti wa hospitali za jimbo la Pennsylvania kule kule Marekani. Kila wauguzi wenye shahada walipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ulipungua kwa takriban asilimia 5. Mwaka 2014 wakaja na utafiti wa nchi tisa za Ulaya, mwelekeo ukawa ule ule, safari hii takriban asilimia 7. Wewe uko wodi ya upasuaji. Hao ni wagonjwa wako hasa.

Kitengo_Mahututi
Hakuna aliyebeza shahada. Nimesema mpangilio: kozi kwanza.

MamaWodi
Takwimu_Tu, soma na upande wa pili wa tafiti hizo hizo. Mwaka 2002 Aiken huyo huyo alionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi anapandisha uwezekano wa kifo kwa asilimia 7. Muuguzi mwenye shahada ukimpa wodi nzima peke yake usiku, shahada yake itamsaidia nini? Hospitali zenye wenye shahada wengi huenda zina na vifaa, na madaktari, na kila kitu. Miaka yote niliyokaa wodini, wa kwanza kuona mgonjwa anabadilika rangi mara nyingi ni yule wa stashahada aliyekaa naye karibu.

Takwimu_Tu
Walizingatia ukubwa wa hospitali, teknolojia na kama ni ya kufundishia. Tofauti ikabaki. Lakini hatupingani sana. Ule wa 2014 uliunganisha vyote viwili: hospitali ambayo asilimia 60 ya wauguzi wana shahada na kila mmoja ana wastani wa wagonjwa 6, ikilinganishwa na yenye asilimia 30 na wagonjwa 8, vifo vilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 30. Elimu na idadi vinakwenda pamoja. Ukichukua kimoja ukaacha kingine unajidanganya.

Usiku_Mrefu
California, Marekani, waliweka idadi ya wagonjwa kwa kila muuguzi kwenye sheria. Sheria ya 1999, ikaanza kutumika 2004: mahututi muuguzi mmoja wagonjwa wasiozidi wawili, na wodi za kawaida baadaye zikafika mmoja kwa watano. Mimi nikisoma hilo huwa nawaza tungekuwa watu gani kazini.

Ng'ambo_Bado
Mnazunguka. Mtu kasema hataki kujifungia mlango wa nje. Nchi nyingi zinazoajiri zinapenda shahada, na zingine zilishahamisha mafunzo yote vyuo vikuu. Uingereza tangu 2013 anayeanza uuguzi anaanza na shahada. Na wanahitaji watu kweli: Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2025 kwamba duniani kuna wauguzi milioni 29.8 na upungufu wa milioni 5.8. Takriban mmoja kati ya wauguzi saba amezaliwa nje ya nchi anayofanyia kazi. Soma shahada, ondoka.

MamaWodi
Na wodi unayoiacha?

Ng'ambo_Bado
Mama, kwa heshima, wodi hiyo ina wahitimu wanaokaa nyumbani hawana ajira huku vitanda vimejaa. Upungufu wa wauguzi na wauguzi wasio na kazi vinaishi nchi moja, kwa sababu nafasi za ajira zinahitaji bajeti, na bajeti haitengwi. Sasa tumlaumu anayeondoka?

Mwl_Kliniki
Hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2010 kuhusu kuajiri watumishi wa afya kutoka nje hauzuii mtu binafsi kuhama. Unalenga nchi tajiri zisiende kuvuna kwa makusudi kule ambako wahudumu ni wachache mno. Orodha ya shirika hilo ya 2023 ilikuwa na nchi 55 za namna hiyo. Kinachonisumbua mimi ni kwamba wanaoondoka mara nyingi ni wazoefu, ambao ndio wangemshika mkono mhitimu mpya. Anabaki mhitimu anamfundisha mhitimu.

Kanula18
Samahani nimechelewa. Chuo cha muda wote kina maabara ya mazoezi yenye midoli ya kisasa? Mimi ningechagua kwa hilo. Siku hizi mdoli anapumua, anatoa jasho, presha inashuka, na ukikosea hakuna anayeumia.

Kitengo_Mahututi
Mshipa wa mdoli haukimbii. Mguse mzee mwenye ngozi nyembamba, unaona mshipa umesimama wazi, unaingiza kanula, mshipa unateleza pembeni kama haukuwepo. Hapo ndipo unajifunza kuivuta ngozi kwa kidole gumba na kutulia. Mdoli hafundishi hivyo.

Mwl_Kliniki
Anafundisha mengine, hasa dharura ambayo wodini mwanafunzi angesukumwa nyuma asione. Marekani utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba hata nusu ya saa za kliniki zikifanywa kwa mazoezi ya kuigiza, matokeo ya wahitimu hayatofautiani. Ila masharti yalikuwa makali: walimu waliofunzwa hasa kwa kazi hiyo, na baada ya kila zoezi kukaa chini kulichambua kwa kina. Vyuo vingi vinanunua mdoli, mwalimu hawamnunui. Mdoli anakaa kwenye kabati na plastiki yake.

Kanula18
Sawa mwalimu, lakini mwanafunzi aliyezunguka kidonda kimoja na umati kama alivyoeleza Usiku_Mrefu, si bora angekuwa na mdoli?

Usiku_Mrefu
Kwa hali ile, ndiyo. Natamani tungekuwa naye.

Takwimu_Tu
Turudi kwa mleta mada. Bila mshahara utaishije? Una wanaokutegemea? Hilo hujasema, na ndilo litakaloamua kuliko tafiti zangu zote.

Sindano_Taratibu
Ninao, ndiyo. Ndiyo maana masafa ilinivutia. Nimewaandikia tena kuhusu ithibati na orodha ya hospitali za mazoezi, sijajibiwa. Kwa sasa naona kama kozi ya mahututi inasogea mbele, ila mkataba unanitia wasiwasi. Kifungu kimoja kinasema nikiondoka kabla ya muda nitarudisha "gharama zote za mafunzo pamoja na stahiki nyinginezo".

MamaWodi
"Stahiki nyinginezo" zipi? Waandike kiasi na jinsi kinavyopungua kadiri unavyotumikia. Usisaini kifungu kisicho na mwisho.

Kitengo_Mahututi
Mkataba wangu ulikuwa na jedwali, kila mwaka ukipita deni linashuka. Uliza kama wana kitu kama hicho.

Ng'ambo_Bado
Na uliza kama kozi hiyo inahesabika kwenye shahada baadaye, au ni cheti cha ndani cha hospitali tu. Ukihama, cheti cha ndani hakihami na wewe.

Kitengo_Mahututi
Uzoefu unahama.

Ng'ambo_Bado
Uzoefu ukiandikwa kwenye barua ya mwajiri, ndiyo. Akikataa kuandika?

Mwl_Kliniki
Sindano_Taratibu, na kozi ya mahututi nayo iulize swali lile lile: nani atakusimamia kitandani? Kuna mkufunzi aliyetengwa, au utapangwa kwenye zamu siku ya kwanza kama mtu wa kuziba pengo?

Sindano_Taratibu
Sijui mwalimu. Tangazo halisemi. Kesho niko zamu ya mchana, nitapita kwa mkuu wa kitengo.