Mpiga besi na nyimbo zinazosifiwa kupita kiasi: naombeni ushauri

BesiYaTemeke:

Wakuu, salaam kwenu nyote. Mimi ni mpiga besi katika bendi ya kopi, yaani ya kupiga nyimbo za wengine, hapa Dar es Salaam, inayopiga hotelini mwishoni mwa juma na kwenye harusi zinapopatikana. Kiongozi wetu ameamua kuipitia upya orodha nzima ya nyimbo zetu, na amemtaka kila mmoja aandike anazotaka ziongezwe na anazoona zimetosha, kisha tuzijadili mazoezini. Orodha yangu iko tayari, lakini nasita kuikabidhi, kwa kuwa kadhaa ninazotaka zipumzishwe ndizo wenzangu wanazozienzi kuliko zote, na wameshaanza kusema kwamba najifanya mjuzi.

Nieleze kwanza nasimama wapi. Wimbo mimi huupima kwa jinsi besi inavyopewa nafasi na jinsi inavyowaachia wengine nafasi. Kwa kipimo hicho sijapata bado wa kuushinda "Sina Makosa" wa Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978 baada ya baadhi ya wanamuziki kujitenga na Simba Wanyika. Msikilizeni Tommy Malanga humo: besi yake haikimbizani na gitaa la rithimu la Omar Shabani, bali hutamka machache, hunyamaza, na rithimu hujaza pale alipopaacha, kiasi kwamba hata ukiiondoa sauti ya mwimbaji bado unabaki na muziki unaojitosheleza. Namweka pia James Jamerson wa Detroit, aliyezipiga nyimbo nyingi za Motown kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, na ambaye kampuni hiyo haikuwa na desturi ya kuliandika jina lake wala ya wenzake kwenye majalada ya santuri hadi mwaka 1971. Halafu yupo Aston Barrett wa The Wailers, bendi ya Bob Marley, aliyefariki mwaka 2024. Yeye na nduguye Carlton kwenye drams walitufundisha reggae ambayo pigo la kwanza huachwa wazi na uzito ukaangukia la tatu.

Sasa zile ambazo naona zinasifiwa kupita thamani yake. Ya kwanza ni soukous, ile rumba ya Kikongo ya kasi, iliyotoka Paris katika miaka ya 1980. Kanda Bongo Man, aliyehamia huko mwaka 1979, aliifupisha ile sehemu ya mwanzo ya rumba iliyokuwa ikienda taratibu, akalipeleka gitaa la solo mbele mapema kabisa. Wengi walimfuata, baadhi wakiwa na drams za mashine. Wenzangu husema hapo ndipo muziki wa Kongo ulipokomaa. Mimi naona kinyume: Franco na TPOK Jazz walipokuwa wakipiga wimbo uliozidi dakika 10, sebene, yaani ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, lilikuwa na mahali pa kutokea, na mpiga besi alikuwa na kazi ya kuuvusha wimbo kutoka kwenye hadithi kwenda kwenye uchezaji. Ukianza na sebene moja kwa moja, kazi hiyo haipo tena, na besi hubaki kuzungukia sauti zile zile tatu hadi mwisho.

Ya pili ni kile kipande cha besi cha Bakithi Kumalo katika "You Can Call Me Al" ya Paul Simon, kwenye albamu ya Graceland ya mwaka 1986. Kijana wetu wa kinanda hukitumia kumpimia kila mpiga besi anayemsikia. Ukweli ni kwamba Kumalo alipiga nusu ya kwanza, na nusu ya pili ni ile ile ya kwanza iliyogeuzwa studio ikachezwa kinyumenyume. Kumpima mtu kwa sekunde chache ambazo hata mwenyewe hakuzipiga zote kwa mkono si haki, na ni kumpunja Kumalo, kwa sababu ufundi wake halisi umo katika albamu nzima, namna anavyozitelezesha noti kwenye besi isiyo na freti, yaani vile vyuma vinavyokatiza shingo yake.

Ya tatu ni amapiano, muziki wa dansi wa Afrika Kusini, na hapa lipo tatizo la kazi pia. Katika nyimbo hizo mpiga kinanda wetu hupiga log drum, ile besi ya kielektroniki inayogonga kama ngoma, kwa mkono wa kushoto, nami huambiwa nitulie. Naombeni mnishauri: je, nikabidhi orodha hii kama ilivyo, niipunguze makali, au ninyamaze nipige ninachoambiwa?

MzeeWaDansi:

Mleta mada, nimekusoma kwa makini na kuhusu "Sina Makosa" tuko pamoja. Kuhusu soukous sikubaliani nawe. Nimeshika besi katika kumbi za Dar es Salaam wakati bendi za Msondo na Sikinde (Mlimani Park) wakigombea mashabiki, na ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba kulishikilia sebene bila kuongeza mwendo, huku mpiga solo amepandwa na mori na mpiga drams anataka kumfuata, ni mtihani ambao wapiga besi wengi hodari wanashindwa. Hizo sauti tatu unazozilalamikia ndizo anazozikanyaga mchezaji. Aliyekaa kitini anasikia solo. Aliyesimama kucheza anaongozwa na besi hata kama hajui kuwa ipo.

Hata hivyo hoja yako ya safari ya wimbo ina uzito, na wala huhitaji kwenda Kinshasa kuitetea. Nyimbo za dansi letu zilijengwa hivyo hivyo: watu wanaimba, kisa kinaelezwa, ndipo magitaa yanachemka. Chukua mifano ya Mlimani Park au ya Marijani Rajab uwapigie wenzako, kwa sababu kijana wa Dar es Salaam atakuelewa haraka zaidi kwa wimbo ambao wazazi wake waliucheza. Kuhusu karatasi yako, usimkabidhi kiongozi orodha ya kuondoa isiyo na ya kuongeza. Kila unaloliondoa liwe na mbadala pembeni, na umwone yeye faragha kabla ya kikao, maana kiongozi anayesikia jambo kwa mara ya kwanza mbele ya watu hulazimika kulijibu kabla hajalitafakari.

FundiMitambo:

Mkuu, kabla hujauhukumu muziki wowote kwa besi yake, jiulize uliusikilizia wapi. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne ukipigwa wazi hutoa sauti ya takriban hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na spika ya simu haiwezi kabisa kuifikisha sauti hiyo; unachosikia ni zile sauti zake za juu tu zinazoambatana nayo. Zile kanda za bendi zetu zilizorekodiwa Radio Tanzania, bendi nzima ikipiga kwa pamoja, zina besi nzuri sana ambayo vijana hawajawahi kuisikia kwa sababu wanazisikiliza kwenye simu. Hali hiyo hiyo huipata soukous ya Paris, na huenda ndiyo inayokufanya uione tupu.

Kuhusu amapiano, aliyekuambia utulie ana sababu ya kifundi. Log drum na besi zikikutana chini huko, ukumbini hutoka mvumo mmoja usiotambulika, na mpiga drams hupoteza mahali pa kushika. Lakini si lazima wewe ndiye utoke. Mpeni log drum eneo la chini, nawe panda juu ya shingo ya besi upige vijibu vifupi katikati yake, huku mtu wa mikseri akikukatia sauti zote zilizo chini ya hezi 100 kwa nyimbo hizo tu.

MpwaniWaUnguja:

Mimi nataka kuongeza jambo ambalo mleta mada hakuligusa. Anayetafuta besi inayojua kuwaachia wengine nafasi aje asikilize taarab asilia. Vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club hutumia besi kubwa ya kusimama, na mpigaji hana drams za kumfichia upungufu wake. Amezungukwa na fidla, udi na ganuni ambazo zote hufuata sauti moja, na yeye ndiye anayezipa ardhi. Kwenye harusi zenu hizo hizo ingizeni wimbo mmoja wa namna hii wakati wa chakula, ambapo hakuna anayetaka kucheza, na hapo utapata utulivu unaoutamani bila kumnyang'anya mtu soukous yake.

BintiMwimbaji:

Kaka, mimi ni mwimbaji wa harusi, na nakuunga mkono kuhusu kile kipande cha Kumalo, kwa sababu kinapopigwa mimi husimama na maikrofoni mkononi nikisubiri watu wamalize kumpigia makofi mtu mmoja. Lakini kuhusu amapiano nakuomba ufikiri tena. Wageni wakisikia log drum wanainuka hata wale waliokuja na viatu vya kuwabana, na wanaoinuka ni kwa ajili ya sauti ya chini, yaani eneo lako wewe. Muziki unaouweka mdundo wa chini mbele ya sauti ya mwimbaji ulipaswa kutetewa na mpiga besi kabla ya mtu mwingine yeyote. Usiuandike kwenye orodha ya kuondoa. Andika kwamba unaomba sehemu yako ndani yake.

BesiYaTemeke:

Nawashukuru nyote, na shikamoo Mzee. Amapiano nimeihamisha, sasa iko chini ya kichwa kinachosema mpangilio ubadilishwe, na nimeyanukuu maelezo ya FundiMitambo ili mpiga kinanda aone kwamba simpokonyi kitu. Kile kipande cha Kumalo bado naomba kiondoke, na mahali pake nimependekeza wimbo mwingine wa albamu ile ile ambao ufundi wake unaonekana tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa soukous bado nina msimamo wangu, Mzee, ingawa nimeusikiliza ushauri wako. Nitapendekeza tupige rumba ya taratibu kwanza na soukous ifuate papo hapo bila kusimama, ili sebene lipate mahali pa kutokea hata kama ni la wimbo mwingine. Kiongozi nitamwona faragha kabla ya mazoezi. Swali moja limebaki: kutoka rumba kwenda soukous mwendo unaruka sana, je, aanze kuupandisha mpiga drams au mimi?

MzeeWaDansi:

Marahaba. Anza wewe. Baki kwenye sauti ile ile, punguza urefu wa noti zako kabla ya mtu yeyote kugusa mwendo, na umtazame mpiga drams usoni. Akishaona noti zimefupika atapandisha mwenyewe, na mpiga solo usimwambie lolote, kwa sababu akijua mapema atawatangulia wote wawili.