Kompresa ya lita 24 inaishiwa upepo: niongeze tangi au niongeze pampu?

FundiMbao:
Habari zenu, mafundi. Nina kompresa ya nguvu farasi 1.5 yenye tangi la lita 24, na kibandiko chake kinasema inatoa lita 206 kwa dakika na kufikia presha ya bar 8. Kwa kupigilia misumari na kupuliza vumbi sina malalamiko nayo. Shida huanza ninapofunga mashine ya msasa ya upepo, ambayo kitabu chake kinataja matumizi ya lita 300 kwa dakika: huzunguka vizuri kwa muda mfupi, kisha sauti yake hushuka, sahani ya msasa huanza kuburura juu ya ubao, nami hulazimika kusimama nikisubiri geji ipande. Bunduki ya rangi nayo huanza mlango kwa ukungu laini na kuumaliza kwa matone. Je, nikiunganisha tangi la pili la lita 50 nitapona, au ninunue kompresa nyingine nizifunge pamoja?

Mzee wa Karakana:
Ndugu FundiMbao, usiitegemee hiyo 206. Kwa kawaida namba ya namna hiyo ni hesabu ya ukubwa wa silinda ikizidishwa kwa mizunguko ya pampu, yaani hewa inayovutwa, wala si hewa inayofika kwenye mpira. Kiasi fulani hubaki juu ya pistoni kila inapopanda, kingine hupotea kwenye valvu na ringi, na kadiri presha ya tangi inavyoongezeka ndivyo pampu inavyozidi kutoa kidogo.

Kabla hujatoa pesa, ipime yako. Funga njia ya kutolea upepo presha ikiwa chini ya bar 6, washa mota, kisha hesabu sekunde ambazo geji inachukua kutoka bar 6 hadi bar 8. Lita 24 mara bar 2 ni lita 48 za hewa ya kawaida. Zigawanye kwa sekunde ulizopata, kisha zidisha kwa 60. Baada ya hapo zima mashine, liache tangi likiwa limejaa, na uangalie kama geji inashuka yenyewe. Ikishuka, paka maji ya sabuni kwenye viungo vyote, kwa sababu pampu ndogo haina upepo wa kugawia matundu.

FundiMbao:
Shikamoo, Mzee. Nimepima, imechukua sekunde 32, kwa hiyo napata lita 90 kwa dakika. Geji haikushuka.

Mzee wa Karakana:
Marahaba. Basi hesabu imejijibu yenyewe. Mashine yako ya msasa inadai lita 300, pampu inaleta 90, na pengo la lita 210 kila dakika linatoka kwenye akiba. Tangi la lita 50 linaposhuka kutoka bar 8 hadi bar 6 litakupa lita 100 za ziada, ambazo kwa pengo hilo hazifiki hata nusu dakika. Halafu pampu itakuwa na lita 74 za kujaza badala ya 24, hivyo mota itanguruma dakika moja na nusu na zaidi pale ilipokuwa ikimaliza kwa sekunde 32. Pampu nyingi ndogo zisizotumia mafuta hazikuundwa kwa kazi ya mfululizo, na joto ndilo huziua. Tangi la ziada linamfaa anayetumia upepo kwa vipande vifupi, kama wa kufungua nati. Na ukiamua kuliongeza, liwe tangi lililotengenezwa kwa hewa ya presha na lenye valvu ya usalama. Mtungi wa gesi uliotobolewa nyumbani sitaki hata kuusikia.

Vyuma Tu:
Nakubaliana na Mzee kuhusu tangi, ila wazo la kompresa mbili lisitupwe haraka. Upepo wa pampu mbili hujumlishwa kweli: ziunganishe kwa kiungo cha njia tatu baada ya matangi, nawe utakuwa na takriban lita 180. Swichi zake za presha hazitakatika wala kuwaka kwa wakati mmoja, na hilo ni jema, kwa sababu mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inapokuwa kasini. Hata hivyo kila moja ipewe laini yake ya umeme, na msizirefushie waya mwembamba. Ni heri kurefusha mpira wa upepo.

Mpira wenyewe ukiwa na kipenyo cha ndani cha milimita 6, ujaribu wa milimita 10, na uangalie koplingi zake, maana mara nyingi tundu la koplingi ni jembamba kuliko mpira. Weka geji kwenye mpini wa bunduki na usome presha huku umebana kifyatulio. Ile inayoonekana bunduki ikiwa imetulia haikusaidii kitu.

BiSamani:
Hata lita 180 haziitoshi mashine hiyo ya msasa, na sioni sababu ya kununua kompresa kwa ajili yake ilhali ya umeme hufanya kazi ile ile bila kuhitaji upepo. Hela ziende kwenye rangi. Tafuta bunduki ndogo yenye ncha ya milimita 0.8 au 1.0, zipo zinazotumia kati ya lita 100 na 150 kwa dakika, ilhali zile kubwa za presha ndogo hudai 300 na kuendelea. Kwa milango ya kabati, upana wake wa kupulizia unatosha, mradi rangi ipunguzwe uzito ipasavyo. Ukiwa na kompresa hiyo moja, puliza mlango mmoja, ukitua uiache ijaze hadi mota ikatike, ndipo uanze mwingine. Usisahau kichujio cha maji karibu na bunduki, kwani pampu inayofanya kazi bila kupumzika hutoa hewa ya moto, na unyevu wake hugeuka maji ndani ya mpira unapopoa.

FundiMbao:
Asanteni. Mashine ya msasa nitachukua ya umeme, na kwa rangi nitaanza na bunduki ndogo na mpira wa milimita 10. Kompresa ya pili nitaifikiria endapo geji ya mpini itaendelea kushuka chini ya presha iliyoandikwa kwenye bunduki.

Vyuma Tu:
Sawa. Ukiipima, tuletee presha mbili: ya mwanzo wa mlango na ya mwisho wake.