Naomba ushauri: kupiga picha na kuchuma bowa (uyoga) wakati miombo inapochipua (Lubumbashi)

MkaziWaKasapa

Wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu wote, nawasalimu kwa heshima.

Naishi Lubumbashi, na kwa muda mrefu nimekuwa nikipiga picha za mimea nje ya mji, hasa upande wa barabara ya Kasenga. Kinachonivuta zaidi ni kipindi cha Septemba na mwanzo wa Oktoba, wakati vumbi limetanda, nyasi zimeungua kwa moto wa porini, hakuna hata wingu la kuaminika, na bado miti ya miombo inaanza kuchipua. Kaputu na musamba hutoa majani mekundu, ya waridi na ya rangi ya shaba, ambayo baada ya majuma machache hugeuka kijani. Nchi za baridi zina majira yao ya kuchipua baada ya theluji. Yetu huja katikati ya joto kali, na naona hatuyapigi picha vya kutosha.

Mwaka huu shangazi yangu, ambaye huingia porini na wanawake wenzake kuchuma bowa wa kuuza sokoni, amekubali niongozane nao nikiwa na kamera. Ningependa kujua kama naweza kupata majani mekundu na bowa katika safari moja, au ni misimu miwili tofauti. Vilevile nimeweka katika simu programu inayotambua uyoga kwa picha, na nilifikiri niitegemee ili nichume mwenyewe bila kuwasumbua akina mama kwa maswali; je, ni jambo la busara? Mwisho, nina hamu ya kupanda uwanda wa Kundelungu mwezi huo wa Septemba, nipige picha za huko juu na za maporomoko ya Lofoi, na pengine nirudi na vizizi vya kikanda, vile vya okidi za porini tunavyopika, kwa ajili ya nyumbani. Nitashukuru kwa kila neno.

MzeeWaVichuguu

Mwanangu, ulichokiona ni kweli, lakini unataka kuviweka pamoja vitu ambavyo havikutani. Majani mekundu hayangoji mvua. Mizizi ya miti hiyo hufika chini kwenye unyevu, na mti huchipua kwa maji ulio nayo tayari, majuma kadhaa kabla ya mvua. Ile rangi nyekundu hulikinga jani changa dhidi ya jua mpaka kijani kikomae. Bowa hautoki mpaka ardhi ilowe vizuri, na hapa kwetu mvua hukaza kuanzia Novemba hadi Machi. Utakapoona bowa wa kwanza, majani yako mekundu yatakuwa yamekwisha kuwa kijani kama ya mwaka uliopita.

Kwa hiyo safari ni mbili. Ile ya Septemba si ya bowa, ila kapu halitarudi tupu, kwa sababu matunda ya porini yapo: mpundu huanza kuanguka katika kipindi hicho na masuku hufuata mvua zikikaribia. Safari ya pili uifanye baada ya mvua kubwa za mwanzo. Bowa wa vichuguu ndio hutangulia. Ule mdogo wa njano wa jamii ya *Cantharellus* huja baadaye, mvua ikiwa imezoea.

Naomba nikuongezee jambo moja la kutazama, maana wapiga picha wengi hulipita. Vichuguu vikubwa vya Katanga, ambavyo vingine hufika mita 8 kwenda juu, ndiko kunakolimwa bowa mkubwa wa *Termitomyces*. Nasema kulimwa kwa sababu mchwa wenyewe huutunza ndani ya kichuguu, juu ya vitanda vya majani na miti waliyoitafuna. Mmoja wa jamii hiyo, *Termitomyces titanicus*, ulielezwa rasmi na wanasayansi mwaka 1980 kutoka Zambia, jirani zetu, na kofia yake huweza kufikia karibu mita moja. Bowa wa njano hautegemei mchwa bali miti, kwa kuwa nyuzi zake huishi zikiwa zimeshikana na mizizi ya kaputu, musamba na mutondo. Mahali ambapo wachoma makala (mkaa) wamefyeka, bowa wa njano huondoka pamoja na miti, na ule wa vichuguu huweza kubaki, mpaka afike mtu wa matofali na kukichimba kichuguu chenyewe apate udongo. Mimi nikiona kapu la mama barabarani hulisoma hivyo: najua ametoka katika pori la namna gani hata kabla hajaniambia.

MamaMasuku

Mwanangu, hilo la programu ya simu liache kabisa, na nitakueleza sababu yake, maana kukataza tu hakutoshi.

Watu wengi hupiga picha ya bowa kutoka juu. Picha hiyo huonyesha kofia, na kofia ndiyo sehemu inayodanganya kuliko zote: mvua huifua rangi, jua huipasua, na bowa mchanga hafanani na mkubwa. Kinachotofautisha kipo chini ya kofia na ndani ya udongo. Chukua bowa wa kichuguu. Juu ya kofia, katikati, una ncha ngumu, kwa sababu ulilazimika kutoboa ardhi. Na shina lake halikomi usawa wa udongo, linaendelea chini kama mzizi mrefu mpaka kwenye vitanda vya mchwa. Sasa chukua bowa mweupe wa jamii ya *Amanita*, ambao tunaula sana hapa na unauzwa kando ya barabara zote. Huo una mfuko mwembamba unaozunguka mguu wake, umefukiwa nusu. Tatizo ni kwamba ndugu zake wenye kuua nao wana mfuko huohuo. Kwa hiyo mfuko peke yake hauhukumu. Unakuambia tu kwamba umeingia katika familia ambayo mtu asiyefundishwa na wenyeji haruhusiwi kuigusa. Na simu yako haikuuona mfuko, kwa sababu ulikuwa chini ya udongo.

Mtazame shangazi yako anavyochuma. Hakati shina juu kwa kisu; huingiza kijiti kando yake, huling'oa zima, hulipindua, hutazama visu, yaani vile vipande vyembamba vilivyopangana chini ya kofia, hulinusa, ndipo huliweka kapuni au huliacha. Anafanya hayo yote upesi mno, na wewe ukiwa na kamera utaona kana kwamba hakufanya lolote.

Tena usisikilize habari za kijiko cha fedha kinachogeuka cheusi, wala za bowa ulioliwa na wadudu kuwa salama. Wadudu hula kisichowadhuru wao. Sumu kali ya *Amanita* haiondoki kwa kuchemsha, na ubaya wake mkubwa ni kwamba hukaa kimya saa sita au zaidi kabla ya tumbo kuanza kuuma, halafu mgonjwa huonekana kupata nafuu huku ini linaendelea kuharibika. Anayetapika na kuharisha muda mrefu baada ya kula bowa apelekwe hospitali bila kungoja kesho, na apelekwe na kipande cha bowa uleule kikiwa kibichi, kama kipo.

Kuwasumbua akina mama kwa maswali ndiyo njia yenyewe ya kujifunza. Uliza.

JichoLaLenzi

Nitajibu la kamera tu. Septemba moshi wa mioto ya porini huipa asubuhi mwanga laini wa manjano, lakini hufuta milima ya mbali. Usitegemee mandhari ya kina mpaka mvua za kwanza zioshe hewa. Majani mekundu yapige jua likiwa nyuma yake, mapema, na upunguze mwangaza kidogo, vinginevyo wekundu hugeuka chungwa lililopauka. Kichujio cha kupunguza mng'ao husaidia saa za mchana, maana majani machanga yana mafuta na hung'aa.

Kwa bowa mambo ni kinyume: kivuli kizito, ardhi iliyolowa, na wewe umelala chini. Kifuko cha maharage chini ya kamera ni bora kuliko tripodi, kwa sababu tripodi nyingi hazishuki hadi usawa wa shina. Acha flashi, tumia karatasi nyeupe kurudisha mwanga chini ya kofia. Na kwa kuwa Mama ameeleza vizuri, piga kila bowa picha za seti moja: juu, chini ya kofia, shina zima hadi mwisho wake, ulivyopasuliwa katikati, na mti ulio karibu. Seti hiyo haitakuruhusu kula, lakini mtaalamu ataweza kuisoma. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa bustani ya mimea ya Meise, Ubelgiji, walitoa kitabu cha bowa unaolika wa Haut-Katanga chenye picha za namna hiyo. Kinapatikana bure kwenye intaneti, kwa Kifaransa. Kisome kabla ya Novemba.

MlinziWaDambo

Kuhusu Kundelungu. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970 na inasimamiwa na ICCN, taasisi ya serikali ya hifadhi za Kongo, kwa hiyo utahitaji kibali, na humo huchumi kitu chochote, hata tunda lililoanguka. Lofoi huanguka zaidi ya mita 300 kwa mruko mmoja, lakini Septemba ni mwisho wa kiangazi na utakuta maji yamepungua sana. Anayetaka maporomoko yenye nguvu huenda mvua zinapoisha, barabara ikianza kukauka. Faida ya Septemba iko juu, kwenye uwanda wenyewe. Nyasi zikishaungua, mimea yenye vitunguu na mizizi ya chini ya ardhi hutoa maua moja kwa moja kutoka kwenye udongo mweusi, mengine bila jani hata moja. Ningekuwa wewe ningeacha maporomoko na kutumia siku nzima kwa magoti.

Kikanda ni habari nyingine. Sote tunakipenda kikiwa kimepondwa pamoja na karanga, kikapikwa na kukatwa vipande. Lakini kinatokana na okidi za dambo, yaani bonde la nyasi lenye majimaji, za jamii ya *Disa*, *Habenaria* na *Satyrium*, ambazo kila mmea una vizizi viwili: kimoja kilichonyauka, cha mwaka huu, na kimoja kigumu kilichojaa, ambacho ndicho mmea wa mwaka ujao. Wachimbaji huchukua kile kigumu. Bowa ukiuchuma, nyuzi zake hubaki ardhini; kikanda ukikichimba, mmea umekwisha. Okidi zote ziko chini ya mkataba wa CITES unaodhibiti biashara ya kuvuka mipaka, na bado mizigo mingi huelekea Zambia.

MjukuuWaKipushi

Mheshimiwa Mlinzi, kwa heshima zote, ni rahisi kusema hivyo ukiwa mjini. Kuna familia zinazolipa ada za shule kwa kikanda. Ndugu yetu anataka vya nyumbani tu.

MlinziWaDambo

Ni kweli, wala sikumlaumu mama anayechimba ili mtoto asome. Ninachomwomba mpiga picha ni kitu kidogo zaidi: picha zake za dambo zisitoke zikiwa na alama ya mahali. Simu nyingi huandika ndani ya picha palipopigwa, na wanunuzi wanaokuja na magari wanajua kuzisoma. Mama wa kijiji huchimba dambo lake na kulipumzisha. Mwenye gari halipumzishi. Kikanda cha nyumbani akinunue sokoni.

MkemiaMstaafu

Niongeze neno fupi ambalo halijasemwa. Shaba imeyeyushwa Lubumbashi tangu mwaka 1911, na kwa kuwa upepo wetu mkubwa hutoka kusini-mashariki, moshi ulimwagika zaidi kaskazini-magharibi mwa tanuri, ambako udongo bado una shaba nyingi. Bowa hufyonza metali kuliko mboga nyingi. Upande huo, na kando ya migodi na mabwawa ya mabaki yake, usichume kabisa, hata bowa unaoufahamu vizuri. Na kamera usiielekeze kwenye migodi, madaraja wala askari; utapoteza siku nzima ukijieleza.

MkaziWaKasapa

Nawashukuru wote. Programu nimeifuta, na mipango nimeigawa: Septemba nitakwenda Kundelungu kwa ajili ya uwanda na maua yanayofuata moto, bila kapu, bowa nitaungoja mpaka shangazi aniite. Nimezima pia alama ya mahali katika simu. Nimebaki na swali moja kwa Mama Masuku. Akina mama hawa wanafanya kazi, na mimi nitakuwa nawasimamisha kila mara wakiwa wameshika bowa mkononi. Niwalipe nini, na niwaombe namna gani picha za nyuso zao?

MamaMasuku

Usiwasimamishe. Hutoka mapema ili bowa ufike sokoni ukiwa mbichi, na ukiwachelewesha saa mbili wamepoteza bei. Mwombe shangazi yako akuchagulie mama mmoja wa kutembea nawe nyuma ya wengine, na mwisho wa siku umlipe thamani ya kapu zima, kana kwamba amelijaza. Ruhusa ya picha iombe jioni iliyotangulia, kijijini, mbele ya wote, ili anayekataa akatae bila aibu. Zile picha zikachapishwe mjini kwenye karatasi, uwapelekee. Za kwenye simu hawatazihesabu. Na uje na kapu la matete au la mianzi, si mfuko wa plastiki, kwa sababu bowa ndani ya plastiki hutoa jasho na huoza kabla hamjafika barabarani.