Naomba ushauri: laptopu ya gemu kufundishia muziki

Wakuu, habari za leo. Mimi ni mwalimu wa muziki, bado kijana, nafundisha sekondari hapa Morogoro. Nikitoka kazini napenda mambo mawili: gitaa la Mbaraka Mwinshehe enzi za Morogoro Jazz (kwangu hajatokea wa kumfikia) na gemu za mpira. Laptopu ninayochezea ina RAM ya GB 16, nikaona niitumie na darasani.

Wanafunzi wangu wanaimba kwaya vizuri sana kwa solfa (do, re, mi). Ukiwawekea noti za mistari mitano, wanakwama. Wamezoea do inayohama kufuata ufunguo wa wimbo, kwa hiyo wimbo ukitoka ufunguo wa C kwenda E-flat hawajui do imekaa mstari gani. Nimeunganisha kinanda kwa waya wa USB na programu ya MuseScore, ambayo ni ya bure, ili mtoto akibonyeza aione noti yake kwenye skrini. Wameipenda mno!

Shida ni sauti kuchelewa. Unabonyeza, ndipo inafuata. Kwa anayejifunza mapigo hilo linaharibu kabisa. Spika ya bluetooth nimeiacha, natumia ya waya. Imepungua ila haijaisha.

Je, dreva ya ASIO (programu ya kupitisha sauti haraka kwenye Windows) na kupunguza bafa (sauti ambayo kompyuta huikusanya kwanza kabla ya kuitoa) vitatosha, au ninunue kadi ya sauti ya nje? Bajeti yangu haizidi laki mbili. Na walimu wenzangu, ninyi mnawavushaje watoto kutoka solfa kwenda noti? Natanguliza shukrani.