Maktaba yetu inakusanya vitabu vilivyosainiwa na waandishi wa hapa kwetu, muhuri tugonge wapi na viazimwe au visiazimwe?

Mpanga_Rafu:

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo. Niko kwenye maktaba ndogo ya umma, wafanyakazi tuko wachache, na bosi wetu amekuja na wazo ambalo binafsi nimelipenda ila linaniumiza kichwa. Anataka tuanze kukusanya vitabu vya waandishi wa eneo letu, sio nakala za kawaida, ni zile ambazo mwandishi mwenyewe kaandika kwa mkono wake ndani. Yaani ama anaisainia maktaba moja kwa moja, ama alimwandikia mtu zamani na huyo mtu au familia yake wakaamua kutuletea. Waandishi tumeshaanza kuongea nao na wengi wamekubali haraka kuliko tulivyotegemea.

Tatizo vitabu vimeanza kuingia hata hatujajipanga. Kuna kimoja cha mashairi, kijitabu chembamba tu, ukurasa wa mwanzo mwandishi kamwandikia mwalimu wake maneno ya shukrani, katikati kakata neno moja akaandika lingine juu yake, halafu chini kuna tarehe na sahihi. Mwenzangu alishashika muhuri wa maktaba anataka kuugonga palepale maana ndiyo sehemu yetu ya siku zote, nikamwambia hebu subiri kwanza.

Sasa muhuri na namba tuweke wapi? Viazimwe kama vingine au tuvifungie? Kwenye katalogi tunaandika nini? Na nani tumhesabu ni mwandishi wa hapa, maana kuna mmoja alihama kitambo na tayari watu wanabishana.

Mkutubi Mstaafu:

Umefanya la maana kumzuia huyo mwenzako. Ukurasa wenye mwandiko usiguswe na chochote, muhuri, gundi, stika ya bakodi, hata kimfuko cha kadi. Wino wa muhuri haufutiki, na gundi ikizeeka inageuka njano na kupenya karatasi hadi upande wa pili. Namba ya kitabu iandike kwa penseli laini, kidogo tu, upande wa ndani wa jalada la nyuma au nyuma ya ukurasa wa jina. Bakodi ibandike kwenye kipande cha karatasi isiyo na asidi kikae ndani ya kitabu kikiwa kimechungulia juu. Kama sheria zenu zinalazimisha muhuri basi gongeni ukurasa wa ndani huko, mbali kabisa na mwandiko.

Kwenye katalogi ndiko maktaba nyingi zinakosea. Mtu anaandika "kimesainiwa" halafu basi, kesho hakuna anayejua kilisainiwa na nani, kwa nani, lini. Nakili mwandiko wote neno kwa neno na mstari kwa mstari, pamoja na hilo neno alilolikata, usimsahihishie tahajia. Neno lisilosomeka sema halisomeki, usibuni. Kama mnatumia programu ya maktaba inayofuata MARC (utaratibu wa kimataifa wa kuandika taarifa za vitabu kwenye kompyuta, kila taarifa na namba yake), mfano Koha, sehemu ya 561 ni historia ya nani alikimiliki na 541 ni jinsi kilivyowafikia nyinyi, na zote mbili zina alama ya kuficha taarifa zisionekane kwa wasomaji wa nje kama mtoaji hataki jina lake lisomwe. Mwandishi mwongezee pia kwenye sehemu ya 700, ya majina ya ziada, kwa msimbo wa "ins", maana yake huyu ndiye aliyeandika kwa mkono kwenye nakala hii. Mwalimu aliyeandikiwa naye mweke kama mmiliki wa zamani, msimbo wake "fmo". Hapo mtu akitafuta jina la huyo mwalimu anakipata hicho kitabu, hata kama yeye mwenyewe hakuwahi kuandika kitabu maishani.

Kama hamna programu, daftari linatosha. Ila taarifa ni zilezile.

Wino na Karatasi:

Mimi sio mkutubi, ni mtu wa kukusanya vitabu tu, ila niongezee hapo kwenye kusainisha. Msimpe mwandishi kalamu yoyote iliyo karibu. Maka peni hapana kabisa, inatokea upande wa pili na miaka ikienda inazidi kutambaa. Bolpeni haivuji lakini inakandamiza, ukigeuza ukurasa unaona makovu. Kalamu nzuri ni za wino wa pigmenti, zile zinazoandikwa kwamba hazifutiki kwa maji wala hazififii kwa mwanga. Karatasi ikiwa ya kung'aa wino haunyonywi haraka, kwahiyo kiacheni wazi kikauke, au wekeni karatasi safi katikati kabla ya kukifunga, maana nimeona sahihi nyingi zimejichapa ukurasa wa pili kama kioo kwa sababu ya haraka za watu kwenye uzinduzi.

Na muombeni mwandishi aandike kitu, asisaini jina tupu. Sahihi tupu anaweza kuwa kasaini rundo zima siku moja bila hata kuangalia. Lakini akiandika "sura ya nne niliiandikia kwenye maktaba hii, meza ya dirishani, nikifukuzwa kila jioni", hiyo nakala haina pacha popote. Akiweka tarehe na mahali ndio kabisa. Sema msimlazimishe maneno, mtu akibanwa anaandika "kwa wasomaji wote, nawapenda" na mnabaki na hilo milele 😀

Kitu kingine, vile vya kujichapishia msivikimbie. Vingi vinatolewa nakala chache, havina hata ISBN (ile namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu), havifiki maktaba kubwa, na mwandishi akifariki ndugu wanagawana vilivyobaki vinapotea. Hapo nyinyi mnaweza kujikuta ndio pekee mnacho.

mtoto_wa_mwalimu:

Naomba niseme upande wa wanaotoa. Mzee wangu alikuwa na kitabu alichoandikiwa na rafiki yake wa siku nyingi, akakitoa kwa maktaba moja (siitaji) akiamini kitatunzwa. Baada ya muda wakapunguza vitabu, nacho kikaenda kwenye rundo la kuuzwa, mtu wa mitumba ya vitabu ndiye aliyetuambia anacho. Hakuna aliyefungua ukurasa wa kwanza. Waliangalia kwamba hakijaazimwa muda mrefu wakakitoa. Mzee hakusema kitu ila hakutoa kitabu tena.

Kwahiyo kabla ya yote andikeni hati ya zawadi, ukurasa mmoja unatosha. Nani katoa, kitabu gani, umiliki unahamia maktaba, na ikitokea siku mnataka kukiondoa mtamtafuta mtoaji au familia kwanza, au kitapelekwa maktaba nyingine. Wote wasaini, kila upande ubaki na nakala. Na kwenye rekodi yenu muweke alama kwamba hiki hakipunguzwi, kwa sababu nyinyi mnaojua leo mtaondoka na atakayekuja atakuwa anaangalia orodha tu.

Kuhusu kuazimisha, jibu langu ni HAPANA.

Fungua_Kabati:

Mimi napingana kidogo hapo. Pole sana kwa mzee, ila kosa lililotokea ni la rekodi, halikutokana na kuazimisha. Kitabu kikifungiwa kabatini na hakuna anayekiona mnakuwa stoo tu. Tafuteni nakala mbili, moja ya kawaida bila mwandiko iende rafuni iazimwe mpaka ichakae, na ile yenye mwandiko isomewe humohumo ndani, meza inayoonekana na mhudumu. Mwandishi akija kusaini mwambieni alete mbili, nyingi wanazo nyumbani.

Na achaneni na habari ya kuvaa glovu za pamba, glovu zinapunguza hisia za vidole na ndipo mtu anachana ukurasa. Mikono iliyonawiwa na kukaushwa vizuri inatosha. Kiwekwe mbali na dirisha maana mwanga ukishafifisha wino hakuna wa kuurudisha, kisikae sakafuni wala kugusa ukuta wa nje. Unyevu ukizidi asilimia 65 hivi ukungu unaanza, kwahiyo kama hamna mashine ya kupunguza unyevu walau hewa izunguke na mtu apitie rafu mara kwa mara. Ukurasa ukichanika MSIWEKE selotepu. Nilishaona ukurasa umechanika padogo tu, selotepu ndiyo iliyokuja kuuharibu.

Swali la nyongeza kwa wenye kujua: wakipiga skani hizo kurasa na kuziweka mtandaoni kuna shida?

Mkutubi Mstaafu:

Inaweza kuwepo. Maktaba inamiliki kitabu kama kitu, lakini maneno yaliyoandikwa kwa mkono ni ya aliyeyaandika, sawa na barua. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, kiwango chake cha chini cha muda wa ulinzi ni maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufariki, na nchi nyingine zinaenda 70. Kwahiyo kwa walio hai ongezeni mstari kwenye ile hati: naruhusu ukurasa huu upigwe picha na kuonyeshwa. Kwa vile vya zamani waulizeni warithi. Jambo la pili ni huyo aliyeandikiwa. Kuna watu wanaandikiana mambo ya ndani humo, ugonjwa, deni, mapenzi, na mhusika bado anaishi mtaa wa pili. Skani pigeni kwa ajili ya akiba, kuonyesha ni uamuzi mwingine.

Mpanga_Rafu:

Aisee nawashukuru sana. Penseli tayari, muhuri nimeufungia drooni kwangu. Hati ya zawadi naiandika leo na kipengele cha picha kitakuwemo, na bosi amekubali nakala mbili mbili. Bado yule aliyehama tu.

Wino na Karatasi:

Mchukueni! Aliishi hapo, alisoma hapo, mnataka nini tena.

Mkutubi Mstaafu:

Mchukueni, ila andikeni vigezo kwanza ili kesho msibishane kwa mtu mwingine. Kawaida inakuwa kazaliwa hapo, au kaishi hapo kwa muda wa kueleweka, au kitabu chenyewe kinahusu hapo, kimojawapo kikitimia anaingia. Muda wa kueleweka mkubaliane ni miaka mingapi. Halafu mwandikieni barua mapema aje na nakala mbili, na kalamu mumpe nyinyi.