Kuomba vyuo vikuu vya Marekani, Yale na MIT, kutoka shule ya serikali Kibondo

MwanaKibondo: Wakuu, nipo kidato cha sita, PCM. Hapa shuleni hajawahi kuomba mtu, na mkuu wa shule ananiuliza hiyo barua ya mapendekezo inaandikwaje. Ada ya maombi nayo sina.

Mzee wa Buguruni: Dogo, ada unaomba usamehewe, wanakubali. MIT wana fomu yao wenyewe na wanataka SAT au ACT, ile mitihani ya kuombea vyuo vya Marekani. Umaskini haukupunguzii nafasi kwenye vyuo hivyo viwili, hata kama si raia wa Marekani.

Mwalimu Mstaafu: Mkuu aeleze shule ilivyo: darasani mko wangapi, maabara ina nini. Wanakupima kwa mazingira yako. Mwalimu wa fizikia aandike alichokuona ukifanya. "Ana nidhamu" haitoshi kabisa!

MwanaKibondo: Shikamoo mwalimu. Huyo wa fizikia tulitengeneza naye redio ya bweni, namfuata kesho.